Pikipiki Yenye Daftari

Anayetafuta pikipiki ya porini iliyotumika katika nchi hii, kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuimudu, ajue kwamba ananunua kipande cha historia ya misaada. Hizi pikipiki ndefu, zenye madigadi ya mbele yaliyoinuliwa juu ya tairi na usukani mpana, hazikuletwa kwa ajili ya matembezi. Zililetwa na miradi ya maji, idara za mifugo, misheni, kampeni za chanjo na mashirika ya wakimbizi. Zikafanya kazi, zikachoka, zikapigwa mnada, zikaingia mitaani. Nyingi kati ya zile unazozikuta leo zikiuzwa Njombe au Makambako zilikuwa na namba za mradi kabla hazijawa na namba za mtu.

Niliwaza hayo nilipokuwa nimetunza shilingi milioni mbili na laki tano kwa ajili ya pikipiki. Nilitaka ya kunitoa Njombe mjini hadi Makete, nivuke uwanda wa Kitulo, na siku nyingine inifikishe Ludewa na kuniteremsha Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwezi wa Oktoba njia hizo ni vumbi la kufunika kiatu. Machi ni utelezi wa udongo mwekundu. Kuna vipande ambavyo simu haishiki kabisa. Pikipiki ikikufia huko jioni, utalala huko, na baridi ya Kitulo haina huruma na mtu aliyelala nje. Kwa hiyo kwangu mimi suala halikuwa pikipiki gani nzuri. Nilitaka kujua ipi itanirudisha. Nafundisha historia, basi nikaanza na swali la darasani: mashine hizi zilitoka wapi, na zile zilizodumu zilidumu kwa nini?

*

Mwaka 1962 Wamarekani wawili, Dave Ekins na Bill Robertson mdogo, walipanda Honda za CL72, kila moja na injini ya sisi 250, wakatoka Tijuana kwenda La Paz nchini Meksiko. Njia ile hupita katika rasi ya Baja California, ambayo wakati huo ilikuwa jangwa, mawe na mchanga. Honda walitaka kuionyesha dunia kwamba pikipiki yao mpya inastahimili. Ili kuthibitisha muda, wapandaji walituma telegramu walipoondoka na nyingine walipofika. Ekins alitumia muda usiofika saa 40. Hata hivyo CL72 ilikuwa pikipiki ya barabarani iliyopandishiwa bomba la moshi juu ili lisigonge mawe. Kazi nyingine yote ilifanywa na mikono ya mpandaji.

Pikipiki iliyozaliwa kwa ajili ya njia zote mbili ilikuja mwaka 1968, Yamaha ilipoanza kuuza DT-1. Ilikuwa na injini ya stroki mbili ya sisi 250, nyepesi kuliko pikipiki kubwa za Kiingereza ambazo watu walikuwa wakizihangaisha milimani, na ilikuwa na taa na kila kinachotakiwa na sheria ya barabarani. Mtu aliweza kuipanda kwenda kazini Ijumaa na kupanda nayo vilima Jumamosi bila kuibeba juu ya gari. Mwaka 1972 Honda wakajibu kwa XL250 ya stroki nne. Kutoka katika koo hizo mbili, DT na XL, zilitoka zile ndogo za sisi 125 na 175 ambazo watu wa umri wangu waliziona shuleni, zahanati na kwenye ofisi za kata. Nilipokuwa mtoto, kila pikipiki ndefu tuliiita XL, hata ikiwa ubavuni imeandikwa Suzuki.

Halafu kuna Dakar. Mfaransa Thierry Sabine alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya mwaka 1977, akaokolewa, na badala ya kuliogopa jangwa akaamua kuwaita wenzake waje kulivuka. Mbio za kwanza zilitoka Paris tarehe 26 Desemba 1978, zikapita Algeria, Niger na Mali. Januari 1979 Cyril Neveu alifika Dakar wa kwanza, akiwa juu ya Yamaha XT500. Picha za wanaume wale wenye vumbi hadi kwenye kope bado zinauza pikipiki kubwa duniani kote. Zinamfanya mnunuzi aamini kwamba bila injini kubwa na tangi kubwa hakuna safari.

Lakini siku Neveu anaingia Dakar, Afrika ilikuwa tayari na watu wake waliokuwa wakipita porini kwa pikipiki, na hakuna aliyewapiga picha. Walikuwa mabwana shamba, mabwana mifugo, mabwana afya, makatekista na wauguzi. Pikipiki zao zilikuwa za sisi 100 au 125. Hawakuwa wakishindana na mtu. Walitakiwa tu kufika, na wiki ijayo wafike tena.

*

Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975, wakati watu wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kijiji kikishaandikishwa, kinahitaji mtu wa kukitembelea, na mtu huyo hawezi kutembelea vijiji vinane kwa miguu akiwa amebeba chanjo inayotakiwa kubaki kwenye ubaridi. Gari ni ghali na njia nyingine hazipitiki kwa gari. Hapo pikipiki ndogo ya porini ilipata kazi yake ya kweli.

Yamaha wana moja iitwayo AG100. Herufi mbili za mwanzo zinatokana na neno la kilimo, na mashine yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya wakulima. Ina kapeto mbele na nyuma. Cheni yake imefunikwa yote ndani ya kasha ili matope yasiifikie. Bomba la moshi limelindwa, na mikono ya dereva imekingwa isichanwe na vichaka. Injini ni stroki mbili ya sisi 97, na oili yake inakaa katika tangi lake, ikijichanganya yenyewe na petroli. Haina umbo la kumfanya msichana ageuke. Marekani walipoanza kudhibiti moshi wa pikipiki mwishoni mwa miaka ya 1970, stroki mbili zilianza kuondoka katika barabara zao. Huku kwetu ziliendelea kuja, kwa sababu fundi mwenye spana chache anaweza kuifungua injini yake chini ya mwembe na kuifunga kabla ya magharibi.

Kilichoziua hakikuwa mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikaukiwa fedha za kigeni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, bei ya mafuta ilikuwa juu, na pistoni moja ilikuwa bidhaa ya kuombea kibali. Hadi serikali iliporuhusu, mwaka 1984, watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi, pikipiki nyingi zilikuwa zimesimama kwa kukosa kitu kidogo kabisa.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo. Baadaye, hali ilipolegea kidogo, mradi mmoja ulimpa Honda XL125 mpya. Kwa miaka minne wafugaji wa milimani walimwona kila baada ya wiki mbili. Alikagua majosho, alichanja, aliandika. Mradi ulipofungwa, pikipiki haikuondolewa. Iliachwa kwake kama mali ya ofisi, ila fungu la mafuta na spea lilikwisha siku hiyohiyo. Mwezi wa tano kebo ya klachi ilikatika. Akafunga waya. Kisha tairi la nyuma likaisha, na waya haufungi tairi. Aliandika barua tatu na kujibiwa mara moja kwamba ombi lake limepokelewa. XL ilikaa chini ya mkaratusi nyuma ya ofisi, injini ikiwa nzima kabisa, hadi kuku walipoanza kutagia juu ya kapeto. Baba alirudi kwenye miguu, na vijiji vya karibu aliendelea kuvifikia. Vile vya mbali josho lilikauka, na ndigana kali ikachukua ndama wao bila mtu wa kuandika wangapi.

Sisemi hayo kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu historia ya pikipiki hizi, ukiisoma kwenye vijarida vya wapenzi wa pikipiki, ni historia ya injini na farasi wake. Nilichokiona mimi nyuma ya ofisi ile ni kwamba injini inaweza kuwa nzima na bado pikipiki ikawa imekufa.

*

Wengine waliona jambo hilo mapema na kulifanyia kazi, kila mmoja kwa upande wake.

Katika miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walizunguka katika nchi zinazoendelea kuona pikipiki zao zinatumikaje. Wakakuta wenyewe hawafuati kitabu cha mtengenezaji. Oili iliongezwa tu, haikubadilishwa. Kichujio cha hewa hakikusafishwa. Cheni iliachwa ikauke. Hawakurudi Japani kuandika kitabu kinene zaidi. Walitengeneza pikipiki inayovumilia kusahauliwa, wakaiita CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka hiyo. Valvu zake zinasukumwa kwa fito, hakuna cheni ndefu ya taimingi ya kulegea. Wachina baadaye waliinakili injini hiyo kwa mamilioni. Ndiyo iliyo tumboni mwa pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu, tangu kabla ya mwaka 2010 serikali ilipotunga kanuni za kuzipa leseni bodaboda na bajaji za abiria. Hata zile za Kichina zenye umbo la porini, za sisi 200, nyingi zina mjukuu wa CG ndani.

Upande wa pili ni Lesotho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mwingereza Barry Coleman, mwandishi wa habari za mbio za pikipiki, na Randy Mamola, mshindani wa mbio hizo, walikwenda Somalia na kukuta pikipiki za afya zimetupwa zikiwa bado changa, kwa kasoro ambazo fundi wa kawaida angezimaliza. Kutoka hapo Coleman na mkewe Andrea walianzisha kazi iliyokuja kuitwa Riders for Health. Lesotho, kuanzia mwaka 1991, walisimamia pikipiki 47 za wahudumu wa afya katika nchi ambayo karibu yote ni milima. Walimfundisha kila mpandaji kuikagua mashine yake kila asubuhi, na kifaa kilibadilishwa kwa ratiba, kabla hakijakatika. Kwa taarifa yao, miaka saba ilipita bila hata moja kufia njiani.

Honda walibadilisha mashine ili ivumilie watu. Lesotho walibadilisha mazoea ya watu ili mashine idumu. Mimi nilikuwa nakwenda kununua pikipiki ya mtu mwingine, yenye mazoea ya mtu mwingine tayari ndani yake. Injini ningeweza kuisikiliza. Mazoea ningeyaonaje?

*

Nilikwenda kuziona nne, na fundi wangu alikuja nami kuziona zote.

Ya kwanza ilikuwa DT175, Makambako. Ilikuwa nzuri kama siku ya harusi, rangi ya buluu, inang'aa. Fundi aliishika kiki kwa mkono, akaisukuma taratibu, ikashuka bila ubishi. Stroki mbili yenye ringi nzima hubisha. Akapitisha kidole chini ya kiti, pale fremu inapobeba mzigo, akakuta rangi mpya juu ya uchomeleaji mpya. Kadi ilikuwa ya shirika lililokwisha kuondoka nchini, bila barua ya mauzo. Tukashukuru.

Ya pili ilikuwa XL125 iliyotiwa injini ya Kichina. Wazo lenyewe si baya: fremu na shokapu za Honda, injini ambayo spea zake ziko kila duka la bodaboda. Lakini namba ya injini na kadi havikuongea lugha moja. Hiyo ni kesi inayosubiri kituo cha kwanza cha polisi.

Ya tatu ilinisumbua kweli. Mchina wa sisi 200, wa miaka mitatu, kadi safi, mmiliki mmoja. Fundi aliipenda. "Mwalimu, hii hata Lupila utapata pistoni," aliniambia, na ni kweli. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote katika jambo hili: pikipiki bora ya porini ni ile ambayo spea yake imefika porini kabla yako. Ila shokapu za mbele zilikuwa zinavuja oili, rimu ya nyuma imeanza kupinda, spoki kadhaa zililegea, na ilikuwa imekimbia miaka mitatu tu. Nilimwuliza kijana aliyekuwa nayo lini alibadilisha oili mara ya mwisho. Akasema oili haijawahi kupungua.

Ya nne ilikuwa AG100, Makete, ya muuguzi mstaafu aliyefanya kazi katika zahanati ya misheni. Tulifika kwake saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Mmekuja kumwona mzee?"

Mzee alikuwa bandani, amefunikwa gunia. Tangi lilikuwa na mikwaruzo, taa ya mbele ina ufa, mita ya kilomita haisomi. Fundi alishika kiki, ikabisha. Akapiga mara mbili, ikawaka, ikatoa moshi mwembamba wa buluu kama inavyotakiwa kwa stroki mbili ya baridi, kisha ukapungua. Aliliinua gurudumu la mbele na kulitikisa, akalitikisa la nyuma, akafungua kifuniko cha kasha la cheni. Cheni ilikuwa na oili.

"Haikimbii hii, mwalimu," akasema. "Mlima wa Kipengere utapanda kwa gia ya pili."

"Inarudi?"

Akacheka. "Kurudi, inarudi."

Nilikuwa bado nafikiria Mchina wa sisi 200 mama alipoingia ndani na kutoka na daftari la shule, la kurasa mia moja, lililofungwa kwa karatasi ya nailoni. Ndani kulikuwa na mwandiko wa watu watatu. Wa kwanza ulikuwa wa fundi wa misheni, kuanzia mwaka 1997: plagi, oili ya gia, kebo, ringi, breki za nyuma, kila kitu na tarehe yake. Kisha kurasa mbili tupu. Mama alieleza bila kuulizwa kwamba pistoni ilikosekana miaka miwili na pikipiki ikakaa. Mwandiko wa pili ulikuwa wa muuguzi aliyemtangulia. Wa tatu ulikuwa wake, tangu alipoinunua misheni ilipoamua kuuza vitu vyake. Hakuandika matengenezo tu. Aliandika na safari: chanjo Ukwama, chanjo Ikuwo, mjamzito Lupila usiku, mvua. Mahali pengine ameandika neno moja, "tumefika", na hakuandika yeye na nani.

Nimesoma nyaraka nyingi za mikoa, na nyingi zinasema miradi ilizinduliwa lini na nani. Ni chache mno zinazosema cheni ilitiwa oili lini. Daftari lile lilikuwa jibu la swali nililokuwa nimezunguka nalo: mazoea ya mtu yanaonekana akiwa ameyaandika. Baba yangu alikuwa nayo mazoea hayo. Kilichomkosa ni tairi. Huyu mama alinunua tairi zake kwa pensheni.

Kulikuwa na hoja moja dhidi ya AG100, nayo ni oili ya stroki mbili, maana injini ya aina hii bila oili yake inajiua katika dakika chache. Ingekuwa Dodoma au Singida hoja hiyo ingenirudisha nyuma. Lakini huku Njombe na Makete watu wanapasua mbao. Msumeno wa injini nao ni stroki mbili, unakunywa oili ileile, na palipo na msitu wa misindano pana kibanda kinachouza chupa za oili hiyo kando ya sabuni na chumvi. Pistoni na ringi nitaziagiza Dar es Salaam na kuzibeba begani. Kitu kingine chochote kinachoweza kukatika juu ya mashine ile ni kebo, plagi au tairi.

Tulipatana milioni moja na laki saba, na kadi ilikuwa kwa jina lake. Mama hakutaka kuliacha daftari mwanzoni. Alisema ni la kwake, lina mambo yake. Nikamwambia ni haki yake, nitanakili kurasa za matengenezo tu. Akafikiri, akachana kurasa nne za katikati akazikunja mfukoni mwa kitenge, akanipa lililobaki. Sikumwuliza zilikuwa na nini.

Laki nane iliyobaki imeshagawanywa: tairi mbili, pistoni moja na ringi zake, kebo mbili za klachi, mirija ya akiba, pampu ya mkono. Safari ya kwanza itafuata ukurasa wa mwaka 2011, Ukwama, Lupila, Ikuwo, kwa mpangilio aliouandika yeye, kwa sababu aliyepita huko na chanjo begani anajua kivuko kipi kinapitika kuliko ramani yoyote niliyo nayo. Baada ya mwandiko wake nimeongeza wa nne: tarehe, oili ya gia imebadilishwa, plagi mpya, kilomita hazijulikani.